Kigoma na majirani: kabla hujalipia UPS ya ofisi, jua wati zako na dakika zako

#1 Fundi wa Mwanga (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

UPS nyingi (vile vifaa vyenye betri ndani vinavyoshika kompyuta umeme ukikatika) zinazoletwa mezani kwangu hazina ubovu. Mwenye mali anasema "haikai na moto". Nikipima betri nakuta nzima, nikiuliza kilichochomekwa naambiwa kompyuta mbili, printa ya leza na feni. UPS ya namna hiyo haijafa, imebebeshwa mzigo usio wake kwa sababu ilinunuliwa kwa kutazama namba kubwa ya kwenye boksi. Nipo Mwanga hapa Kigoma mjini, kazi yangu ni kompyuta na umeme wa maofisini, na inaniuma kuona mtu wa steshenari au wa maabara ndogo anatoa fedha mara mbili. Angeingia dukani na namba mbili tu kichwani, wati anazotumia na dakika anazohitaji, angepata kinachomfaa mara ya kwanza.

Tangu gridi ya taifa ifike mkoani mwaka 2022 na majenereta ya dizeli yakazimwa, nasikia wengi wakisema UPS zimepitwa na wakati. Gridi ni neema, na sisi tulioishi miaka yote ile kwa majenereta tunaijua thamani yake. Ila umeme unaoingia kwenye soketi yako bado unapita laini ndefu, transfoma ya mtaa, na waya wa nguzo ya mwisho. Mtaa ukiwa na wachomeleaji na mashine za kusaga kwenye transfoma moja, jioni umeme unashuka mpaka taa inafifia. Mvua zikishika kuanzia Novemba, radi za upande huu wa ziwa kila mtu anazijua. Kwa hiyo UPS si ya giza tu. Kazi yake kubwa kwetu ni kukulinda na umeme uliopo lakini mbovu.

Twende kwenye wati. Boksi limeandikwa 650VA, na VA si wati. UPS nyingi za bei nafuu zinabeba wati ambazo ni kama asilimia 60 ya VA: ile ya 650VA inabeba wati 360 hadi 390, ya 1000VA inabeba 600. Wati zenyewe huandikwa kwa herufi ndogo nyuma au ubavuni. Kama hazijaandikwa popote, iache hapohapo dukani.

Kompyuta ya mezani ya kuchapa na kuingia mtandaoni inakula wati 60 hadi 100 hivi, monita bapa 20 hadi 25, rauta haifiki 15. Usidanganywe na lebo ya pawasaplai, kile kisanduku cha ndani ya kompyuta kinachopokea umeme, inayosema wati 450. Huo ni uwezo wake wa juu, matumizi ni kitu kingine. Ukitaka uhakika bila kununua kipimo, tumia mita yako ya LUKU. Usoni pana maandishi kama 1000 imp/kWh na kitaa kidogo kinachopepesa. Zima kila kitu, washa vile tu unavyotaka vibaki hai umeme ukikatika, kisha hesabu sekunde kati ya mpepeso mmoja na unaofuata. Kwa mita ya 1000, gawa 3600 kwa sekunde hizo: kikipepesa kila baada ya sekunde 12, unatumia wati 300. Kama mita ni ya 1600, gawa 2250 badala ya 3600. Mita ikiwa juu ya nguzo, mwombe fundi mwenye mita ya klampu akupimie kwenye waya. Ukipata jibu, ongeza robo yake juu. Hizo ndizo wati za kwenda nazo dukani.

Dakika ndizo zinazowachanganya watu zaidi. UPS ya 650VA ina betri moja ya 12V 7Ah, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi. Mtu anagawa 84 kwa wati 100 anapata dakika hamsini. Hazifiki. Betri hizi ukizivuta kwa nguvu hazitoi kile kilichoandikwa, na UPS yenyewe inakula sehemu. Kwa mzigo wa wati 100, betri mpya itakupa dakika ishirini na ushee. Ukifikisha wati 200 hupati nusu yake, zinabaki kama dakika tisa au kumi. Ukiijaza mpaka 360, ni dakika tatu au nne na mlio juu. Ndiyo maana nasisitiza: UPS ndogo ni ya kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, au kuvuka kukatika kwa muda mfupi. Kama unataka kufanya kazi saa tatu gizani, unatafuta kifaa kingine, tutakizungumza chini.

Aina zipo tatu. Ya kwanza inaitwa "offline" au "standby". Inakupitishia umeme wa ukutani kama ulivyo, na ukitoka nje ya mipaka yake inahamia betri. Kwa mitaa yetu siipendekezi, na sababu ni hii: jioni umeme ukishuka chini ya kile inachokubali, inahamia betri ingawa umeme upo. Inakula betri mpaka inaisha, kompyuta inazima huku taa ya dukani inawaka. Wateja wengi wanadhani imeharibika.

Ya pili imeandikwa "line interactive" na neno "AVR". Ndani ina transfoma inayoongeza umeme mdogo na kupunguza mkubwa bila kugusa betri. Soma boksi uone mipaka yake. Inayosema 165 hadi 290 inafaa sana kwetu kuliko inayoanzia 190. Kwa duka, ofisi ndogo, shule, hii ndiyo chaguo langu karibu kila mara.

Ya tatu ni "online". Hiyo inageuza umeme wote kuwa wa betri kisha inautengeneza upya muda wote, kwa hiyo kifaa chako hakiuoni umeme wa nje kabisa. Ni bora, ni ghali, ina feni inayozunguka siku nzima, na inakula uniti. Kuna wauzaji wanaisifia kwamba "haina mkato hata kidogo". Ni kweli, lakini pawasaplai nzuri ya kompyuta inavumilia kukosa umeme kwa milisekunde 16 hivi, na UPS ya AVR inahamia betri ndani ya 4 hadi 10. Usilipie online kwa sababu hiyo peke yake.

Nakaribisha maswali. Tajeni vifaa vyenu na mlipo, tuhesabu pamoja.

#2 Mama Steshenari

Kaka fundi, asante kwa uzi, nimeusoma mpaka mwisho. Mimi nipo Kasulu mjini. Nina kompyuta mbili za mezani, printa moja ya leza, moja ya wino wa tanki, mashine ya fotokopi na ya kulaminisha. Vijana wanakuja kujaza maombi ya ajira na ya vyuo, umeme ukikatika mtu yupo ukurasa wa mwisho anaanza upya, inasikitisha. Duka moja limeniambia nichukue ya 3000VA niweke vyote humo nisahau. Nichukue?

#3 Fundi wa Mwanga

Dada, usichukue. Printa ya leza na fotokopi zina hita ndani ya kuunguzia wino kwenye karatasi. Hita hiyo ikivuta inachukua wati 800, elfu moja na zaidi kwa mkupuo, na inafanya hivyo kila mara unapochapa. Mashine ya kulaminisha nayo ni hita tupu. Ukiviweka kwenye UPS unalipia betri kubwa za kupasha moto, na siku umeme ukikatika katikati ya kazi UPS inalia "overload" na kuangusha kompyuta zilizokuwa salama.

Gawa duka lako. Kompyuta zote mbili, monita zake, rauta na ile printa ya wino wa tanki viende kwenye UPS. Printa ya wino inakula wati kama 15 tu, kwa hiyo hata gizani utamchapia mtu barua yake. Leza, fotokopi, kulaminisha, jagi la chai na feni vibaki ukutani. Kuna UPS zina matundu yaliyoandikwa "surge only". Hayo hayapati betri, yanakinga tu, na hata hayo usiyape leza kama hayajaandikwa yanabeba wati ngapi.

Pima kwa mita kisha urudi na jibu.

#4 Mzee wa Ujiji

Mimi nina duka la dawa Ujiji, wasiwasi wangu mkubwa ni friji. Kuna insulini mle. UPS ya ngapi itashika friji?

#5 Fundi wa Mwanga

Shikamoo mzee. Kwa friji jibu langu ni kwamba UPS ya kompyuta haifai, ya ngapi yoyote ile. Friji likishatulia linakula wati 100 au 150, lakini kompresa inapoanza inavuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi sana, na UPS ndogo inaanguka palepale. Pia UPS nyingi za bei ya kati zikiwa kwenye betri hazitoi wimbi safi la umeme, zinatoa la ngazi ngazi. Kompyuta inavumilia, mota ya friji inanguruma na kupata moto.

Insulini inataka nyuzi 2 hadi 8, na isigande. Vitu vya kuanza navyo ni hivi: kipimajoto ndani ya friji unachokisoma kila siku, chupa za maji zilizojaza nafasi tupu ili baridi ikae, na nidhamu ya kutofungua mlango umeme ukikatika. Weka na kile kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha umeme kwa dakika kadhaa baada ya kurudi, kwa sababu kompresa huumia sana pale umeme unaporudi na kukatika tena. Ukitaka friji liendelee kufanya kazi masaa mengi, hiyo ni inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa soketi) ya wimbi safi, iliyoandikwa "pure sine wave", yenye uwezo wa kuanzisha kompresa na betri kubwa, au friji la sola. UPS iache kwa kompyuta ya mauzo.

#6 Mnyamwezi Halisi

Wakuu salaam kutoka Tabora. Mimi naona mnawatisha watu bure. Huku Isevya tunachukua UPS iliyokufa betri, tunatoa kile kibetri, tunaunga waya nje kwenye N70 ya gari. Studio inapiga kazi masaa. Gharama ndogo, kazi kubwa. Hizi hesabu za dakika ni za nini?

#7 Fundi wa Mwanga

Mkuu, najua inafanyika, na siku za mwanzo inapendeza. Niruhusu nieleze kwa nini siifanyi hata mteja akiniomba.

Chaja iliyomo kwenye UPS ndogo ilitengenezwa kwa betri ya 7Ah. Nyingi zinatoa ampea moja au pungufu. N70 ni betri ya 70Ah hivi; ikiisha, kwa ampea moja unahitaji zaidi ya saa 70 kuirudisha, yaani siku tatu za umeme bila kukatika. Kwa hiyo betri inaishi nusu tupu, na betri ya risasi ikikaa nusu tupu inaota ganda la salfeti kwenye sahani na kufa. Zaidi ya hapo, betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Kunyonywa mpaka chini kila siku kunaimaliza mapema.

Lakini hilo ni la fedha. La hatari ni jingine. Transfoma ya UPS ndogo imepimwa kufanya kazi dakika chache kisha ipumzike. Ukiipa betri ya masaa inapata moto ambao haikupangiwa, na kasha lake ni plastiki. Tena kwenye baadhi ya UPS upande wa betri haujatenganishwa na umeme wa ukutani. Zile ncha za waya ulizozileta nje, mtoto akizishika UPS ikiwa imechomekwa, anaweza kupigwa na shoti ya volti za ukutani. Na betri ya maji inapochajiwa inatoa hidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche. Chumba cha studio kimefungwa mapazia. Tafadhali sana, kama ipo mahali unapolala au wanapocheza watoto, itoe.

Mwenye haja ya masaa anunue inveta yenye chaja ya kweli. Kazi ya UPS tuiachie UPS.

#8 Asali Mbichi

Naunga mkono mleta uzi. Mimi nipo Ipuli, Tabora, ofisi yetu inafungasha asali, tuna inveta ya sola ya 5kVA na betri ya lithiamu. Tatizo letu ni moja: umeme wa nje ukikatika, kompyuta zinazima na kuwaka tena ingawa inveta inashika. Fundi aliyefunga anasema tununue UPS nyingine kwa kila kompyuta. Ni lazima?

#9 Fundi wa Mwanga

Kabla hujanunua chochote, ingia kwenye mipangilio ya inveta. Inveta nyingi za aina hiyo zina kipengele, mara nyingi ni namba 03, chenye chaguo la APL na UPS. Kwenye APL inapokea umeme wa nje kuanzia volti 90 hadi 280 na inachukua kama milisekunde 20 kuhama. Kwenye chaguo la UPS inapokea 170 hadi 280 na inahama kwa milisekunde 10 hivi. Viwandani huwekwa APL, na mafundi wengi hawagusi. Nilivyosema juu, kompyuta inavumilia 16 hivi, kwa hiyo 20 inaiangusha na 10 inapita salama. Badilisha, kisha mjaribu siku ambayo hamna kazi ya haraka.

Kompyuta yenye pawasaplai iliyochoka inaweza kuendelea kuanguka hata hapo. Hiyo badilisha pawasaplai.

#10 Asali Mbichi

Nimekuta imewekwa APL kweli. Tumebadilisha, tumezima breka ya TANESCO mara kadhaa, kompyuta zote zimebaki hai isipokuwa ile ya zamani ya mhasibu. Ubarikiwe mkuu.

#11 Mtunza Vitabu

Nipo Kibondo, kwenye chama cha akiba na mikopo. Tuna seva moja yenye data za wanachama, swichi na rauta, na jenereta dogo la petroli. Jenereta likiwashwa UPS yetu ya AVR inalia tu, haikubali kurudi kwenye umeme, inabaki betri mpaka inazima. Tumeambiwa jenereta bovu. Tunapanga bajeti, tushauri tununue nini.

#12 Fundi wa Mwanga

Ndugu, hapa ndipo online inapostahili hela yake, ngoja nifafanue.

Umeme wetu ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Jenereta dogo halishiki 50. Likiwa halina mzigo linakimbia 53 au zaidi, ukiwasha kitu linashuka. UPS ya AVR ikiona hivyo inaukataa umeme huo na kubaki kwenye betri. Inakukinga, haijakosea. Mwite fundi wa majenereta arekebishe gavana, kile kinachoshika mwendo wa injini. Kama UPS yako ina mpangilio wa unyeti ("sensitivity"), weka wa chini. Liache jenereta litulie dakika mbili tatu kabla ya kulipa mzigo, na hakikisha uwezo wake ni angalau mara mbili ya wati za UPS. Pia muwe na swichi ya kubadilisha njia, kamwe msirudishe umeme wa jenereta kwenye soketi; mfanyakazi wa laini anaweza kufa kwenye nguzo kwa sababu yenu.

Kwa seva yenye fedha za watu, mimi ningefunga online. Haijali mizunguko ya jenereta kwa kiasi kile, kwa sababu inatengeneza wimbi lake. Gharama ya kuiendesha ihesabiwe mapema: ikiwa ufanisi ni asilimia 90 na mzigo ni wati 300, inapoteza wati 33 muda wote, karibu uniti moja kwa siku, na joto hilo linabaki chumbani.

Jambo ambalo ni la bure na ofisi nyingi haziligusi: ule waya wa USB unaokuja ndani ya boksi. Uchomekeni kwenye seva. Mara nyingi Windows itaiona UPS kama betri ya laptop, mnapanga kwamba ikibaki asilimia fulani seva ijizime yenyewe kwa utaratibu. Kwa Linux ipo programu ya bure inaitwa NUT. Umeme ukikatika saa nane usiku hakuna mtu ofisini. Betri ikiisha huku seva inaandika kwenye daftari la mikopo, unaweza kuamka na faili lililoharibika ambalo hata UPS ya bei gani haitalirudisha. Nimeona ofisi zenye UPS nzuri sana na waya huo bado upo kwenye nailoni yake. Mfungue leo, kabla hata ya kununua mpya.

#13 Dereva wa Mizigo

Hivi ukiagiza Dar Kariakoo ikaja kwa basi, unajuaje hujauziwa kopo tupu?

#14 Fundi wa Mwanga

Mzani unasaidia. Betri halisi ya 12V 7Ah ni risasi tupu, ina uzito wa kilo mbili na ushee. Ikiwa na kilo moja na kitu, ndani kuna hewa. Angalia tarehe iliyogongwa kwenye betri, maana UPS inaweza kuwa mpya kwenye boksi huku betri imekaa stoo miaka miwili bila chaji. Betri iliyojaa na kupumzika inasoma volti 12.8 au zaidi. Ikisoma chini ya 12.4 imekaa njaa muda mrefu. Mwambie muuzaji akupimie kwenye video kabla ya kupakia, na alama ya TBS uione. Ikifika ichaji saa nane au zaidi kabla ya kuipa kazi.

Na joto, wakuu. Miaka mitatu hadi mitano inayoandikwa kwenye betri hizi ni kwa nyuzi 20 hadi 25. Kila nyuzi kumi zinazoongezeka zinakata umri karibu nusu. Ndugu zetu wa Tabora mwezi wa Oktoba, UPS iliyo juu ya kabati chini ya bati haiwezi kumaliza miaka hiyo. Iweke chini, mbali na jua na vumbi, pande zote zipate hewa. Kila baada ya miezi michache ijaribu kwa kuzima swichi ya soketi, usichomoe plagi, ili ethi ibaki imeunganishwa. Betri iliyokufa usiitupe jalalani wala ziwani, risasi ni sumu. Wanunuzi wa betri chakavu wapo.

#15 Mama Steshenari

Kaka nimerudi. Mita yangu ni ya 1000. Kompyuta mbili na monita zake, rauta na printa ya wino, kitaa kinapepesa kila baada ya sekunde 16.

#16 Fundi wa Mwanga

Safi sana dada. 3600 gawa kwa 16 ni wati 225. Ongeza robo, inakuwa 281. Ile ya 650VA ingebeba lakini ingekupa dakika saba au nane, na betri ikichoka kidogo hazitoshi. Chukua ya 1000VA yenye AVR, wati 600, na uhakikishe ina betri mbili za 7Ah ndani. Hiyo itakupa karibu dakika ishirini ikiwa mpya, kijana atamaliza fomu yake na kuituma. Kila hela uliyotaka kuongeza kwa ile ya 3000VA, ipeleke kwenye ethi.

#17 Mama Steshenari

Ethi ndiyo ipi tena? Nyumba ni ya kupanga.

#18 Fundi wa Mwanga

Ni ule waya wa kijani na njano unaotoka kwenye meni swichi kwenda kwenye nondo iliyochimbiwa ardhini nje. Nyumba nyingi za kupanga nondo ipo lakini waya umekatika au umeibwa. Kinga ya radi iliyomo kwenye UPS inafanya kazi kwa kumwaga umeme wa ziada kwenye ethi. Isipokuwepo hauna pa kwenda, unaishia kwenye kompyuta. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA aipime kwa kipimo chake, si kwa macho. Mkielewana na mwenye nyumba, afunge na kifaa cha kinga ya radi kwenye meni swichi, na kingine kinachokata umeme ukizidi. Nyutro ikikatika kwenye nguzo, soketi yako ya 230 inaweza kupata volti zinazokaribia 400, na hakuna UPS ya 1000VA inayotoka salama hapo.

Radi ikikaribia chomoa kila kitu, na usisahau waya wa intaneti unaotoka kwenye antena ya nje. Radi nyingi huingilia huko, watu wanalinda upande wa umeme tu.

#19 Wakala wa Kibirizi

Mimi ni wakala wa fedha hapa Kibirizi, nina laptop, simu, mashine ya risiti ya EFD na rauta. Wanunuzi wa dagaa wanafika alfajiri na wanataka kutuma hela hapohapo. Ninunue 650VA?

#20 Fundi wa Mwanga

Kaka, usinunue. Laptop ina betri yake, simu ina yake, EFD nayo ina yake ndani. Kinachozima kwako ni rauta peke yake. Nunua UPS ndogo ya rauta, ile ya moja kwa moja ya 12V isiyo na matundu ya soketi. Soma nyuma ya chaja ya rauta yako uone ni volti ngapi na ampea ngapi, vilingane. Usitishwe na namba ya 10400mAh kwenye boksi, hiyo imepimwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, kwa hiyo ni wati-saa 38 hivi. Ukitoa zinazopotea njiani, rauta ya wati 9 itaenda karibu saa tatu na nusu. Kama umeme wa hapo unacheza sana, laptop ipitishe kwenye stabilaiza. Piga picha ya lebo ya chaja uiweke hapa, nikuangalizie kabla hujalipa.